Gambuti na Soksi za Blanketi

Jumanne, 8 Aprili

Nimekamua kabla ya jua. Zawadi katulia leo, ndoo imekaribia kujaa. Mvua imenyesha usiku kucha, zizi limekuwa uji. Ndala ya kushoto ikanasa kwenye tope, mimi nikaendelea na safari yangu bila habari. Nilipogeuka ndipo nikaiona iko nyuma peke yake. Miguu yangu ndivyo ilivyo siku hizi.

Ni kisukari. Ganzi ilianzia vidoleni, sasa imefika vifundoni. Mwaka jana nilikanyaga msumari nikalala nao. Kidole kidogo cha kulia kikakatwa. Sikukililia. Sikumbuki kama kiliwahi kunisaidia kwa lolote.

Lakini mdogo wangu Tatu, wa Mwananyamala, alilia kwa niaba yangu, kisha akanibana. Tukakubaliana, na neno ndiyo nililitoa kwa mdomo wangu mwenyewe: kikitokea kidonda kingine, nafunga nyumba ya Pugu, namuuza Zawadi, nahamia kwake. Chumba ameshakitayarisha. Kitanda, neti, pazia la maua. Dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Sitaki. Nimeshona sare za shule Mwananyamala maisha yangu yote ya kazi, kelele upande huu na kelele upande ule. Huku nina ng'ombe, mchicha bondeni, na asubuhi nasikia ndege wa msituni. Sitaki kutazama ukuta.

Basi natafuta viatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Kliniki ya sukari. Benchi gumu, foleni haiendi. Sista anayeangalia miguu ni mkali, ila tunaelewana kwa sababu namjibu. Ameniambia nifumbe macho, atanigusa kwa uzi mgumu kwenye nyayo, niseme kila nikisikia. Nikafumba. Nikangoja aanze. Akasema, "Nimeshamaliza, mama."

Nilimweleza kwamba miguu yangu inaona baridi. Kutwa, hata jua likiwa utosini. Akasema baridi hiyo haipo, ni mishipa ya fahamu inadanganya. Labda. Lakini anayeona baridi ni mimi, si yeye.

Amenipa masharti. Kiatu cha kufunika mguu wote. Kisipitishe maji. Kiwe kipana mbele. Kabla ya kukivaa nipitishe mkono ndani mpaka mwisho, maana mguu hauwezi tena kuniambia kuna nini. Nisitembee peku, hata ndani ya nyumba. Nisiote moto. La moto alilirudia.

Nikamuuliza kiatu hicho kinauzwa wapi. Akaita mgonjwa anayefuata.

Jumamosi, 12 Aprili

Jana jioni miguu ilipokwisha kuvimba vya kutosha niliisimamisha juu ya boksi la biskuti nikazungusha kalamu. Nimepima viuno na mabega ya watu wengi, nyayo zangu sikuwahi. Wa kulia umetoka kituko, mpana upande huu, umekatika upande ule. Nikakata vipande viwili, nikavitia kwenye kikapu, nikaenda Gongo la Mboto kwenye mitumba.

Viatu vilikuwa vingi mno. Vya wanajeshi, vizito, ulimi umekauka kama papa. Vya kiwandani vyenye chuma mbele, nikavirudisha haraka, chuma na vidole vyangu havitapatana. Vya mpira vya watoto, vya rangi, vizuri sana, mtoto ana bahati.

Nikamwambia muuzaji nataka vya joto, visivyopitisha maji, vya kukaa miaka.

"Bimkubwa, unahamia Ulaya nini?"

"Nahamia zizini."

Wenye meza za jirani wakacheka. Kijasho kinamtiririka kila mtu, mie natafuta viatu vya joto. Hata mimi ningecheka. Akachimba chini ya rundo akaibuka na jozi ya ngozi, kahawia, shingo ndefu, ndani manyoya meupe. Nikaingiza boksi, halikujikunja. Nikaingiza mkono. Manyoya yakanipokea mpaka kwenye kiwiko, nikaona raha. Huko mbele, pale vidole vinapokaa, vidole vya mkono vikagusa tuta la mshono. Nililigusa vizuri kabisa. Nikajiambia litalainika.

Nimerudi navyo. Nimevivaa kitandani kwanza, juu ya shuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku ya pili na viatu. Miguu haioni baridi, au imesahau kuniambia. Nimekamua, nimetoa samadi, nimekata majani, nimeshuka bondeni kwenye mchicha. Mama Neema, jirani yangu wa ng'ambo ya uzio, amesimama kunitazama ndoo ikiwa kichwani. Mtu wa Njombe huyo, haoni haya kucheka.

"Bi Hawa, umependeza. Sasa bado kofia na mbwa, uwe mzungu kamili."

Nikamwambia akacheke kwake. Lakini nilitembea kwa madaha mpaka mwisho wa shamba, na huo ndio ukweli.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Viatu vimeingiza maji. Si kidogo. Manyoya yamekunywa maji yote na kuyahifadhi. Mimi sikujua. Nilijua nilipovua, maji yakamwagika kibarazani, ikatoka harufu ya beberu. Ngozi kati ya vidole imekuwa nyeupe, imenyauka, kama ya mtu aliyefua kutwa. Na juu ya kidole cha pili kuna mstari mwekundu, pale pale penye tuta la mshono.

Haujachanika. Nimetazama kwa kioo, nimetazama kwa miwani, nimetazama tena. Haujachanika.

Nimejikasirikia. Fundi gani anagusa tuta la mshono halafu anajiambia litalainika? Mteja angeniambia hivyo kuhusu kola ningemtoa dukani. Kiatu chenyewe kimeshonwa pembeni kote, mshono wa urembo, kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Nimeliona leo. Siku ya kununua niliona manyoya tu.

Nimevitundika kwenye waya. Havikauki.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka kwa wenyewe. Mama Neema katoka kanisani, kaniletea wali na kuku, kavikuta viatu bado vinadondosha. Safari hii hakucheka. Akaketi kwenye kigoda, akanieleza.

"Kule kwetu tunachimba viazi kwenye ukungu, mkono wako mwenyewe huuoni. Kiatu ni gambuti. Basi. Baridi unaizuia kwa soksi, siyo kwa kiatu. Ukitaka kiatu kimoja kifanye kazi mbili hakifanyi hata moja."

Nikauliza kama gambuti hazichubui. Akasema zinachubua sana ukivaa na mguu mtupu. Ndiyo maana ya soksi.

Gambuti. Zile nyeusi za mpira za mafundi wa zege. Nimezipita barabarani maisha yangu yote, sikuwahi kuziona kuwa ni kitu cha mtu kama mimi. Nilikuwa nataka kiatu kizuri. Nafikiri tatizo lilikuwa hilo tangu mwanzo, nilitaka Tatu akiniona nimevaa aone nimependeza.

Jumanne, 22 Aprili

Duka la vifaa vya ujenzi. Gambuti zimening'inizwa karibu na mabomba, zote za kiume. Nikaomba nijaribishe boksi. Mwenye duka akanitazama ninavyolichomeka boksi kwenye kiatu, asiulize kitu. Wateja wa saruji wamemzoesha mengi.

Jozi ya kwanza boksi lilijikunja pembeni. Ya pili lilijikunja kidogo. Ya tatu lilikaa, na pakabaki nafasi ya soksi nene. Hazina mshono hata mmoja. Nimepitisha mkono mara tatu, mpaka kidoleni, mpaka kisiginoni, mwenye duka akiningoja. Laini kote. Zinafika chini kidogo ya goti. Ni mbaya kwa sura, na zina baridi kama kisima. Nimezichukua.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefungua cherehani. Mafuta kidogo, ikakubali. Nimelikata blanketi la kijivu, lile nililokuja nalo Pugu, nikashona soksi mbili kwa kufuata boksi. Ya kulia ina umbo lake peke yake, hakuna duka lingeniuzia. Mshono nimeuweka kwa nje, ulalie mpira, usiguse ngozi. Fundi mwenzangu angeiona angedhani nimevaa nguo kinyume.

Zimefaa. Miguu imeingia kwenye blanketi, blanketi limeingia kwenye gambuti. Nimesimama katikati ya chumba kama mtu wa zege. Baridi imeondoka.

Nimeshona jozi nyingine mbili za kubadilisha. Nina furaha. Naandika kwa sababu haitokei mara kwa mara.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Tatu kaja na maandazi na mfuko wa dawa. Kabla hajakaa akaniambia, "Dada, miguu." Nikaketi, nikavua, akawasha tochi ya simu, akatazama nyayo, kati ya vidole, kisigino, kovu la kidole. Akageuza. Akatazama tena.

Hakuna kitu. Ngozi kavu, safi. Ule mstari umefutika.

Akazima tochi. Alikuwa anatafuta kidonda, na alipokikosa uso wake haukufurahi moja kwa moja. Namjua, nilimbeba mgongoni. Amekaa peke yake tangu mumewe afariki. Nyumba yake inang'aa vigae, hakuingii mtu na viatu, na siku hizi haingii mtu.

Nilimwonyesha gambuti. Akasema, "Mbaya hizo."

"Mbaya sana."

Tukala maandazi. Aliondoka mvua ikianza, nikamsindikiza mpaka barabarani nikipita katikati ya madimbwi bila kuyakwepa. Alikuwa anarukaruka na viatu vyake mkononi. Nilijiona mshindi, na nilikuwa mshindi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Kazi. Miguu mizima. Kila asubuhi mkono ndani ya gambuti, kushoto kisha kulia. Jana nilitoa chura mdogo. Ningemvaa kutwa.

Jumamosi, 3 Mei

Mzee Salumu wa bondeni kafariki. Alinipa mbegu ya kwanza ya mchicha nilipohamia, hakutaka hata asante. Nimekwenda msibani asubuhi na mapema, nikakaa mpaka jioni. Wanawake ndani kwenye majamvi, wanaume nje chini ya turubai. Mjane anaitikia pole za watu kwa kichwa tu. Nyuma ya nyumba masufuria makubwa kwenye mafiga, nikaenda kusaidia kuchambua mchele na kupakua. Tumezika baada ya alasiri.

Nimechoka. Nitatazama miguu kesho.

Jumapili, 4 Mei

Kidonda.

Unyayo wa kulia, chini ya kidole gumba. Mviringo, kingo nyeupe, katikati pameungua. Lengelenge limeshapasuka. Nimekitazama kwenye kioo muda mrefu kama ninayetazama mguu wa mtu mwingine.

Si gambuti. Soksi imepata doa tu. Nimepitisha mkono kwenye gambuti mara kumi, hamna kitu. Nikakaa kitandani nikaanza kuitembea siku ya jana tangu asubuhi, na nikafika kwenye mlango wa Mzee Salumu.

Nilivua. Viatu vya watu vilikuwa vimejaa mlangoni, nikavua gambuti na soksi zangu nikaziweka pembeni, nikasema "Hodi", nikaingia. Sikufikiri. Hakuna aliyeniambia nivue. Nani aambiwe? Tangu nimeanza kusimama dede najua kwamba kwenye nyumba ya mtu unavua, na kwenye msiba unavua mara mbili. Mkono ulifanya wenyewe.

Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye masufuria. Peku. Nimezunguka mafiga kutwa, kuni zinasogezwa, makaa yanadondoka. Kuna mahali nimekanyaga kaa la moto nikalikandamiza kwa uzito wangu wote huku nikiulizana na mtu habari za chumvi.

Matope yote ya Pugu yameshindwa. Nimeungulia kwenye uwanja uliofagiwa.

Jumatatu, 5 Mei

Tatu kapiga simu. Swali lake ni lile lile. "Miguu?"

"Mizima."

Nimemdanganya mdogo wangu asubuhi asubuhi, kabla ya chai. Nimeosha kidonda kwa maji ya chumvi, nimefunga kitambaa, nimevaa soksi safi, nimekwenda kukamua. Hakiumi. Ubaya wake ni huo. Kingekuwa kinauma ningekaa.

Jumatano, 7 Mei

Kimepanuka. Nimetia dawa ya unga iliyobaki mwaka jana. Nakiambia kipone. Nakiambia kabisa kwa sauti, Zawadi anageuza masikio.

Ahadi ni ahadi, hilo najua. Lakini nilipoahidi nilifikiria shamba, nilifikiria misumari na miiba na tope. Nilichagua viatu vya shamba. Vimefanya kazi yake yote. Nani angenichagulia viatu vya heshima ya watu?

Ni hasira tu. Hainisaidii.

Ijumaa, 9 Mei

Homa. Nimekamua nusu nikaketi. Mama Neema kaja kuazima chepeo ya kuzolea samadi, akanikuta kwenye kigoda na gambuti zangu miguuni, akanusa hewa. Inzi wametua kwenye gambuti ya kulia, juu ya mpira, wamepanga foleni pembeni mwa shingo yake.

"Bi Hawa, vua."

Nikakataa. Akapiga magoti kwenye samadi akanivua mwenyewe. Alikitazama kidonda. Alifunga kitambaa tena, polepole. Kisha akasema, "Unampigia mdogo wako wewe, au nimpigie mie?"

Nimepiga mwenyewe. Tatu hakunigombeza. Alisema, "Nakuja na bajaji," akakata. Ningependa angenigombeza.

Jumatatu, 12 Mei

Mwananyamala. Nimelazwa siku mbili, sasa niko kwenye chumba cha pazia la maua. Wamekata nyama iliyokufa. Nilitazama, sikusikia kitu. Daktari kasema mfupa haujaguswa, ningechelewa kidogo tungekuwa tunazungumzia mguu. Tatu alikuwa amesimama nyuma yake, ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Sindano asubuhi na jioni. Kidonda kinasafishwa kila baada ya siku moja. Sikanyagi.

Zawadi yuko kwa Mama Neema. Gambuti nilikuja nazo, ziko nje kwenye ngazi ya mlango wa mbele. Ndani ya nyumba hii haziingii.

Jumapili, 18 Mei

Tatu ananilisha, ananiogesha, ananimenyea embe. Hanitajii ahadi. Ameibandika tu kila mahali: kanunua kabati dogo la nguo zangu, kaning'iniza kanga zangu. Leo kaniuliza kama napenda cherehani ikae karibu na dirisha.

Nikasema ndiyo. Ukuta wa jirani una ufa unaoanzia juu kushoto. Nimeshaujua wote.

Jumapili, 25 Mei

Nimelisema mwenyewe kabla hajalisema yeye. Nimemwambia, "Zawadi auzwe. Mama Neema anamtaka, na anamjua. Nyumba tutapangisha."

Tatu alikuwa anafuta vigae kwa kitambaa, yuko magotini. Hakuinua kichwa. "Sawa, dada," akasema. Akaendelea kufuta pale pale, mahali pamoja.

Nilikwenda msalani kwa mkongojo nikalia. Si sana. Nimenawa uso nikarudi.

Nilichungulia mlangoni. Gambuti hazipo kwenye ngazi. Amezitupa. Sijauliza. Ni nyumba yake.

Alhamisi, 5 Juni

Kliniki. Sista mkali yule yule. Kafungua, katazama, kabonyeza pembeni, akasema, "Kimefunga vizuri. Una bahati mbaya yenye bahati." Ngozi mpya, ya waridi, nyembamba.

Tatu alikuwa na maswali yake. Akauliza kama maisha ya shamba ndiyo yaliyoniponza. Akalisema kama anayejua jibu.

Sista akanitaka nieleze upya, nikaeleza. Mlango wa Mzee Salumu, majamvi, mafiga. Akamgeukia Tatu. "Shambani alikuwa na viatu. Ameumia alipovua. Nilimwambia asitembee peku hata ndani, ila najua wengi hawaliwezi hilo. Nyumbani kwako anavaa nini ndani?"

Tatu akatazama viatu vyake. Nikataka kumsaidia, nikasema mimi nakaa kitandani zaidi.

"Nimemuuliza yeye, mama."

"Havai kitu," Tatu akasema. "Kwangu hatuingii na viatu."

Sista akaandika dawa. Tulirudi. Tatu alivua viatu vyake mlangoni, akabaki kavishika mkononi kwa muda, kisha akaviweka chini.

Jumanne, 10 Juni

Natembea. Tatu kaninunulia viatu vya kitambaa vya ndani, soli laini. Kanivalisha mwenyewe. Juu ya vigae vinateleza kidogo, nikashika ukuta, naye akanishika mkono. Tumezunguka sebuleni kama maharusi.

Usingizi wangu umekuwa mbaya. Naamka saa ya kukamua, hakuna wa kukamua. Tatu naye ameamka, namsikia jikoni. Ananiletea chai.

Jumamosi, 14 Juni

Kipupwe kimefika. Asubuhi ya leo hata asiyeumwa angeona baridi.

Nimekunywa chai. Tatu katoka chumbani kwake ameshika gambuti. Chumbani kwake. Ameziosha mpaka zinang'aa, ndani yake zimo soksi za blanketi, zimefuliwa. Ya kulia ilikuwa imechakaa pale kidonda kilipokuwa, kaitia kiraka. Tatu hajui kushona, alikuwa anatoroka masomo yangu tangu mdogo. Kiraka kimekwenda upande, hatua za sindano ni za mlevi. Ila mshono ameuweka kwa nje.

Akaketi sakafuni, mbele ya kiti changu. Akaingiza mkono kwenye gambuti ya kushoto mpaka kwenye kiwiko, akaupitisha taratibu, mbele, pembeni, kisiginoni. Kisha ya kulia. Alichukua muda zaidi kwenye ya kulia.

"Hamna kitu," akasema.

Nikamkumbusha ahadi. Akasema Zawadi hajauzwa, alimwambia Mama Neema asubiri. Akasema tena, huku ananivalisha soksi, "Ukienda kwenye nyumba ya mtu unaingia nazo. Wakikuuliza, waambie mdogo wako kakukataza kuvua. Kwangu hivyo hivyo. Nitakuja kila Jumamosi na tochi."

Nikasema njoo Ijumaa, ulale. Akasema ataangalia.

Nikaanza kuinuka nikavae nje. Akanikalisha.

"Vaa humu humu."

Nimevaa humu humu. Nimesimama. Nimevuka sebule yote juu ya vigae vyake na gambuti za zege, zikipiga kelele, mpaka mlangoni. Nilipogeuka, Tatu alikuwa bado sakafuni, anazitazama nyayo zangu.

Bajaji ya kunirudisha Pugu ilikuwa inangoja.